Fungu la Kumi la Maumbile

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akishaipita Maili Moja na pilikapilika zake, hufika Mkuza, katika mji wa Kibaha, ambako zimejengwa shule zenye jina la Filbert Bayi. Na kama msafiri huyo ni mtu wa makamo, jina lile humrejesha hadi tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, siku ambayo kijana huyo wa Karatu alitangulia mbele tangu mlio wa bastola, akakataa kupitwa na yeyote, akamaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, muda ambao hakuna mwanadamu aliyepata kuufikia kabla yake. Lau siku ile angaliwekwa katika uwanja uleule mwanamke mwenye kasi kuliko wenziwe wote, naye ni Lyudmila Bragina wa Muungano wa Kisovieti, aliyeshika rekodi ya dakika 4:01.4 tangu Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, Bayi angalikata utepe hali mwanamke huyo yu nyuma yake kwa mita 180 na ushei. Na lau tungaliwakutanisha Hicham El Guerrouj wa Moroko, kwa rekodi yake ya dakika 3:26.00 ya Roma mwaka 1998, na Faith Kipyegon wa Kenya, kwa dakika 3:48.68 alizozikimbia Eugene, Marekani, tarehe 5 Julai 2025, mwanamke angaliachwa kwa mita 149. Katika muda wa zaidi ya nusu karne, basi, pengo lililo baina ya mwanamume bora na mwanamke bora katika masafa ya Bayi limepungua kwa mita 30 na kitu.

Je, hizo ni mita nyingi au chache? Na zitaendelea kupungua hadi ziishe, au kuna mpaka ambao hazitauvuka? Juu ya maswali haya watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wasemao kwamba mwanamke atamfikia mwanamume na kumpita, kwa kuwa kila akifunguliwa mlango amekwenda mbio kuliko ilivyodhaniwa. Na wako wasemao kwamba maumbile yamekwisha kuhukumu, na hukumu yake haina rufani. Rai yangu ni kwamba kila kundi limeshika nusu ya haki likaiacha nusu ya pili, kwa sababu katika kitu kimoja tukiitacho pengo mmechanganyika vitu viwili: fungu ambalo maumbile hulitoza, nalo ni karibu na fungu la kumi, na deni ambalo walimwengu wamemlimbikizia mwanamke kwa kumfungia milango. Asiyetenganisha viwili hivi hawezi kufahamu yaliyopita, wala hawezi kujua la kufanya katika nchi yake mwenyewe.

Tuanze na milango. Katika Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kukimbia mita 800, na Lina Radke wa Ujerumani akashinda kwa dakika 2:16.8. Baadhi ya magazeti yaliandika kwamba wanawake wale walianguka ovyo kwa kuishiwa pumzi, hali ya kuwa wote tisa waliokimbia fainali waliimaliza; na kwa hoja hiyo ya uzushi mashindano yale yakaondolewa, yasirudishwe ila Roma mwaka 1960. Mita 1500 zilisubiri hadi 1972, marathoni hadi 1984, mita 10,000 hadi 1988, na mita 5,000 hadi 1996. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, ambazo Bayi huyuhuyu alipata nishani ya fedha Moscow mwaka 1980, hazikuwekwa kwa wanawake katika Olimpiki hadi Beijing mwaka 2008, yaani baada ya miaka 28. Mtu aliyezuiliwa kuingia sokoni hapaswi kulaumiwa kwa kutokuwa na faida, na rekodi za wanawake za zama zile zilikuwa hesabu ya sokoni ya mtu aliyezuiliwa langoni.

Marathoni ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwaka 1964, mwaka ambao Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda Tokyo kwa saa 2:12:11, Dale Greig wa Uskoti alikimbia kwa saa 3:27:45, muda ambao hakuna mwanamke aliyepata kuufikia kabla yake. Tofauti ya saa nzima na robo. Miaka mitatu baadaye, mjini Boston, afisa wa mbio alijaribu kumburura Kathrine Switzer nje ya njia kwa kosa la kuwa mwanamke mwenye namba kifuani. Kisha milango ikafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Grete Waitz wa Norway alikimbia New York mwaka 1978 kwa saa 2:32:30. Joan Benoit wa Marekani akakimbia Boston mwaka 1983 kwa saa 2:22:43. Na mwezi wa Aprili 1985, katika siku mbili zilizofuatana, Carlos Lopes wa Ureno aliandika rekodi ya wanaume Rotterdam, saa 2:07:12, na Ingrid Kristiansen, naye wa Norway, akaandika ya wanawake London, saa 2:21:06. Saa nzima na robo ilikuwa imebaki dakika 14 kasoro sekunde chache. Ni jambo la kupendeza kwa mtu wa Kibaha kukumbuka kwamba Norway hiyo, pamoja na ndugu zake wa Skandinavia, ndiyo iliyoshirikiana na Tanganyika katika miaka ya 1960 kuanzisha kituo ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Nchi ambazo zilitangulia kuamini kwamba elimu haichagui zilitangulia vilevile kuamini kwamba barabara haichagui.

Mwendo huo wa ajabu uliwalewesha hata wenye ilimu. Mwaka 1992 wataalamu wawili, Brian Whipp na Susan Ward, walichapisha makala katika jarida la Nature, wakachora mistari miwili ya maendeleo ya rekodi, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake, wakaonyesha kwamba mistari hiyo ikiendelea kama ilivyoanza itakutana, na kwa marathoni ingekutana mwaka 1998. Mwaka huo ukafika. Tegla Loroupe wa Kenya alikimbia Rotterdam kwa saa 2:20:47, rekodi mpya ya wanawake. Na Ronaldo da Costa wa Brazil akakimbia Berlin kwa saa 2:06:05, rekodi mpya ya wanaume. Tofauti ilikuwa dakika 14 na sekunde 42, kubwa kuliko ya mwaka 1985. Kosa la hesabu ile ni kosa la mzazi anayempima mtoto wake kwa shubiri kila mwaka, akaona ameongezeka sana, akapiga hesabu kwamba akitimiza miaka thelathini kichwa chake kitatoboa dari. Ukuaji wa haraka huthibitisha kwamba mtu alikuwa mdogo. Hauthibitishi kwamba hatakoma kukua.

Tangu hapo pengo halikwenda njia moja, bali limekuwa likijaa na kupwa kama maji ya bahari yetu. Mwaka 2003 Paula Radcliffe wa Uingereza alikimbia London kwa saa 2:15:25, wakati rekodi ya wanaume ilikuwa saa 2:05:38. Mwanamke alizidiwa kwa asilimia 7.8 tu. Rekodi hiyo ikakaa miaka 16 bila kuguswa, huku wanaume wakiishusha ya kwao mara kwa mara, hata Eliud Kipchoge alipofika saa 2:01:39 Berlin mwaka 2018 pengo lilikuwa limepanda hadi asilimia 11.3. Brigid Kosgei akalipunguza Chicago mwaka 2019 kwa saa 2:14:04. Mwaka 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia Berlin kwa saa 2:11:53, na wiki mbili baadaye marehemu Kelvin Kiptum akakimbia Chicago kwa saa 2:00:35, pengo likawa asilimia 9.4. Mwaka 2024 Ruth Chepngetich akawa mwanamke wa kwanza kukimbia chini ya saa 2 na dakika 10, kwa saa 2:09:56 mjini Chicago, nalo pengo likashuka hadi asilimia 7.8, yaani palepale alipoliacha Radcliffe miaka 21 nyuma. Asomaye tarakimu za mwaka 2018 hadi 2024 peke yake atashangilia kwamba pengo linafungwa mbele ya macho yake. Asomaye za 2003 hadi 2018 ataomboleza kwamba linafunguka. Na azisomaye zote kwa insafu ataona kwamba limekuwa likicheza mle mle, juu kidogo au chini kidogo ya fungu la kumi.

Hapana budi kusema pia kwamba rekodi ni mizani yenye kasoro, kwa kuwa hupima mtu mmoja katika siku moja, wala haiulizi alisaidiwa na nini. Chepngetich alisimamishwa mwaka 2025 na kupigwa marufuku miaka mitatu, baada ya sampuli yake ya mwezi wa Machi mwaka huo kukutwa na dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo hukatazwa kwa sababu yaweza kuficha dawa nyingine. Matokeo yake ya kabla ya sampuli hiyo hayakufutwa, na rekodi yake ya Chicago haikuondolewa kitabuni, ila wasomaji wengi wa vitabu hivyo huipitia kwa hadhari. Rekodi ya wanawake ya mita 800, dakika 1:53.28 za Jarmila Kratochvílová, iliandikwa mwaka 1983, na kwa muda wa miaka zaidi ya arobaini hakuna aliyeifikia. Kisha kuna suala la waongoza mwendo. Mwanamke akikimbia pamoja na wanaume hupata kivuli cha upepo na mwendo uliopimwa hadi mwisho, jambo ambalo mwanamume bora hana wa kumfanyia katika kilomita za mwisho, kwa kuwa hakuna aliye mbele yake. Ndiyo sababu marathoni ya wanawake watupu ina rekodi yake mbali, nayo Assefa aliifikisha saa 2:15:50 London mwaka 2025, karibu dakika 4 nyuma ya muda wake mwenyewe wa Berlin. Viatu vipya vyenye bamba la kaboni navyo vimewafaa wote, na kuna dalili kwamba vimewafaa wanawake zaidi.

Sasa tulitazame fungu lenyewe la maumbile, tulitazame bila haya na bila kejeli. Kabla ya balehe mvulana na msichana hukimbia karibu sawa. Baada ya balehe homoni ya testosteroni humwongezea mwanamume misuli, moyo mkubwa zaidi na damu yenye himoglobini nyingi zaidi, ambayo ndiyo hubeba hewa safi kuipeleka misulini, na mwanamke hubaki na mafuta mwilini ambayo uzazi unayahitaji na mbio hazina haja nayo. Kipyegon, ambaye hakuna mwanamke aliyempita katika mita 1500, alijaribu mjini Paris mwezi wa Juni 2025 kukimbia maili moja chini ya dakika 4, akizungukwa na waongoza mwendo wa kiume na wa kike waliopangwa kumkata upepo mbele na nyuma, amevaa mavazi yaliyoshonwa kwa ajili hiyo tu. Akamaliza kwa dakika 4:06.42. Hakuna mlango uliofungwa siku ile: kilichobaki baina yake na dakika 4 kilikuwa ni maumbile.

Wengine husema kwamba masafa yakirefushwa sana mwanamke atashinda, na wana ushahidi: Jasmin Paris wa Uingereza mwaka 2019 aliwashinda wanaume na wanawake wote katika mbio za majira ya baridi za kilomita zaidi ya 400 milimani, kwa saa 83 na dakika 12. Ni kweli kwamba mwili wa mwanamke hutumia mafuta kwa wepesi zaidi, na kwamba wanawake kwa kawaida hawapungui mwendo kama wanaume katika saa za mwisho. Tena mbio za siku tatu hupima pia usingizi, tumbo, na subira. Lakini pale ambapo umati wa washindani ni mkubwa, fungu la kumi hurudi. Mbio za Comrades za Afrika Kusini ni za kilomita karibu 90, nazo ni kongwe. Mwaka 2023, katika njia ya kuteremka, Tete Dijana alikimbia kwa saa 5:13:58 na Gerda Steyn kwa saa 5:44:54, rekodi zote mbili, na tofauti yake haipungui wala haizidi asilimia 10 ila kwa kiasi kidogo mno.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi fungu la kumi latufaa kama pishi la kupimia. Nchi ambayo pengo lake ni fungu la kumi imekwisha lipa deni. Nchi ambayo pengo lake lazidi, ile ziada haikutoka mwilini. Kenya ilipata nishani yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964, kwa miguu ya Wilson Kiprugut. Mwanamke wake wa kwanza kupata nishani, Pauline Konga, alisubiri hadi 1996, na wa kwanza kupata dhahabu, Pamela Jelimo, hadi 2008. Miili ya wanawake wa Kenya haikubadilika kati ya 1964 na 2008. Yaliyobadilika ni makambi, shule, zawadi za fedha, na fikira za wazazi. Leo Beatrice Chebet ana rekodi ya mita 5,000 na ya mita 10,000, na pengo lake na Joshua Cheptegei wa Uganda ni asilimia 11 katika ile na 10.4 katika hii.

Na sisi? Nishani mbili za Olimpiki ambazo Tanzania imepata, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui, zote za Moscow mwaka 1980, ni za wanaume. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwezi wa Septemba 2025, wa kwanza kwa nchi yetu, kwa tofauti ya sehemu tatu kwa mia za sekunde. Gabriel Geay alikimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2:03:00. Magdalena Shauri, naye, alishika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, kazi kubwa ambayo haikupigiwa ngoma inayolingana nayo. Weka muda wake kando ya muda wa Geay: pengo ni dakika 15 na sekunde 41, karibu asilimia 12.8. Fungu la kumi la muda wa Geay lingetupa mwanamke wa saa 2:15:18. Zilizozidi, dakika 3 na sekunde 23, siwezi kuzitoza maumbile. Nazo si dakika za Shauri, ambaye amelipa zaidi ya sehemu yake, bali za wanawake waliotakiwa kukimbia bega kwa bega naye wakamsukuma, nao hawakuwapo.

Mtu aweza kusema kwamba hesabu hiyo imejengwa juu ya watu wawili, na watu wawili si taifa. Nakubali. Lakini umtazame mwanamke wa Kitanzania katika mbio ndefu kizazi baada ya kizazi utaona picha ileile: anatokea mmoja, kama Restituta Joseph, kisha mmoja, kama Zakia Mrisho aliyefika fainali ya mita 5,000 ya ubingwa wa dunia Helsinki mwaka 2005, kisha mmoja, na mmoja hana wa kufanya naye mazoezi. Wanaume, tangu enzi za Bayi, Nyambui, Gidamis Shahanga na Juma Ikangaa, wamekuja kwa vikundi, kutoka Mbulu, Karatu, Hanang na Singida, wakapokewa na majeshi yetu ya ulinzi, wakapata mshahara, kambi na wenzi.

Wanapopotea wasichana wa kujaza vikundi kama hivyo hapana haja ya kupandisha nyanda za juu kwenda kupaona. Hapa Kibaha panatosha, ingawa joto la Pwani si rafiki wa mkimbiaji. Simama kandokando ya uwanja wowote wa shule ya msingi siku ya michezo, utaona msichana wa darasa la tano akiwaacha wavulana vumbini, na wenziwe wakishangilia. Rudi baada ya miaka minne umtafute. Umri ambao maumbile huanza kutoza fungu lake ndio umri ambao walimwengu huanza kulimbikiza deni lao, na kwa kuwa mawili haya hutokea pamoja, la pili hujificha nyuma ya la kwanza. Mvulana akitoka shule huenda uwanjani. Msichana huenda kisimani na jikoni. Mvulana akikimbia alfajiri kando ya barabara huitwa mwanamichezo. Msichana huulizwa anakwenda wapi saa hizo, na mama yake ana haki ya kuhofu. Kisha huja haya ya mavazi, hedhi isiyo na staha ya chumba cha kujisitiri, mwalimu wa michezo ambaye ni mwanamume daima, na mwisho ndoa na uzazi, ambavyo kwa Kipyegon havikuwa mwisho, kwa maana alizaa mwaka 2018 akarudi akazidi, ila kwa msichana wetu asiye na wa kumlelea huwa ndiyo khatima. Wanaoketi kando ya uwanja huona matokeo ya yote hayo, wakasema: maumbile.

Juhudi hazikukosekana. Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya shule za sekondari huwakusanya wanafunzi kila mwaka, na Kibaha imepata kuwa mwenyeji wao. Mwaka 2017 yalianzishwa Dar es Salaam, kwa ushirikiano wa Baraza la Michezo la Taifa na shirika la JICA la Japani, mashindano ya riadha ya wanawake peke yao, ambayo Ikangaa aliyapigania. Hata hivyo mashindano ya siku mbili au wiki mbili hugundua kipaji. Hayakilishi wala hayakilindi. Kinachokosekana ni zile wiki nyingine hamsini: nafasi ya bweni kwa mkimbiaji wa kike, mwalimu wa kike mwenye saa mkononi, njia salama ya alfajiri, na ajira itakayomngoja kama ilivyowangoja kaka zake.

Turudi Mkuza, tulipoanzia, na kwenye zile mita 149 zinazomtenga Kipyegon na El Guerrouj. Sehemu ya kumi ya mita 1500 ni mita 150. Mita ambazo maumbile huzidai, basi, ni hizo, na zile 30 na kitu zilizofutika tangu siku ya Christchurch hazikuwa zake abadani; zilikuwa deni, nalo lililipwa na wale waliofungua milango. Mwalimu wa shule yoyote ya Kibaha aweza kuchukua chokaa akapiga mstari uwanjani, mita 150 kabla ya mwisho, akawaambia wasichana wake: hapa ndipo mwili wako utakapokuwa wakati kaka yako anapomaliza. Wakionekana nyuma ya mstari ule, asiwaangalie wao. Ageuke awaangalie watu waliosimama kando ya uwanja, naye awe wa kwanza kujihesabu miongoni mwao.